Dean au Camsell: nani avae namba 9 ya Uingereza ya kati ya vita kuu mbili?

George Camsell wa Middlesbrough alifunga mabao 59 ya ligi msimu wa 1926/27. Msimu uliofuata, Dixie Dean wa Everton akafunga 60. Karibu miaka mia imepita, na hakuna mchezaji mwingine wa ligi ya Uingereza aliyezifikia hesabu hizo mbili kwa msimu mmoja, katika daraja lolote.

Sasa tuseme unapanga kikosi chako cha Waingereza bora wa kati ya 1919 na 1939, na nafasi ya mshambuliaji wa kati ni moja tu. Unamweka nani? Wengi hujibu Dean bila kufikiri, maana 60 ni zaidi ya 59. Hoja hiyo ni nyepesi mno, na inamdhulumu Camsell. Mimi pia mwisho wa safari namchukua Dean, lakini si kwa bao moja la ziada. Kuna sababu nzito zaidi, na ili uione lazima uwaweke wote wawili mezani.

Wako wengine waliostahili kutajwa. Ted Drake wa Arsenal aliifunga Aston Villa mabao saba peke yake, ugenini, Desemba 1935, mechi ikaisha 7-1. Tom Waring, aliyezoeleka kwa jina la Pongo, aliifungia Villa mabao 49 ya ligi msimu wa 1930/31. Waring naye alizaliwa Birkenhead na kuanzia Tranmere Rovers, njia ileile ya Dean. Lakini kila mmoja wa hao aliichezea Uingereza mechi tano tu. Hughie Gallacher angeingia kwenye mjadala huu bila kupigiwa debe, ila ni Mskoti. Dean na Camsell ndio wanaobaki, na kinachofanya uchaguzi uwe mgumu ni kwamba kila mmoja aliifungia timu ya taifa mabao 18. Si 17, si 19. Wote 18.

| | Dixie Dean | George Camsell |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | 22 Januari 1907, Birkenhead | 27 Novemba 1902, Framwellgate Moor, Durham |
| Klabu kuu | Everton, 1925–1938 | Middlesbrough, 1925–1939 |
| Ligi, kwa klabu hiyo | mabao 349, mechi 399 | mabao 325, mechi 419 |
| Mashindano yote, kwa klabu hiyo | mabao 383, mechi 433 | mabao 345, mechi 453 |
| Msimu bora | mabao 60, mechi 39, Daraja la Kwanza | mabao 59, mechi 37, Daraja la Pili |
| Timu ya taifa | mabao 18, mechi 16 | mabao 18, mechi 9 |

Msomaji aliyezoea soka la kwetu asichanganyikiwe na majina ya madaraja. Wakati ule Daraja la Kwanza la Uingereza ndilo lilikuwa la juu kabisa, mahali ilipo Ligi Kuu ya leo.

Kwanza, sheria ya kuotea

Usiisome hesabu yoyote ya miaka ile kabla hujaielewa sheria ya kuotea. Hadi mwaka 1925, mshambuliaji aliyepigiwa pasi alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, kipa akiwemo. Mabeki wajanja, hasa Bill McCracken wa Newcastle, waliigeuza sheria hiyo kuwa mtego. Beki mmoja anasogea mbele hatua mbili, mwenzake anabaki nyuma kwa usalama, na mshambuliaji ameshaotea. Mechi zilikufa katikati ya uwanja.

Kiangazi cha 1925 idadi ikapunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Msimu wa mwisho wa sheria ya zamani, madaraja yote ya ligi yalitoa mabao 4,700. Msimu uliofuata, idadi ya mechi ikiwa ileile, yakaingia 6,373. Mabeki waliokuwa wameishi kwa mtego mmoja maisha yao yote wakajikuta wazi, na mtu yeyote mwenye mbio au mwenye kichwa kizuri alikuwa amefunguliwa ghala.

Dawa ilikuja polepole. Arsenal ya Herbert Chapman ilimrudisha kiungo wa kati nyuma awe beki wa tatu, kazi yake kubwa ikiwa kumkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930, timu nyingi zilikuwa zimeiga. Kwa hiyo 59 na 60 zote mbili zimetoka kwenye kipindi kilekile kifupi, sheria ikiwa mpya na dawa ikiwa bado haijasambaa. Ukitaka kuzipunguzia thamani kwa sababu hiyo, zipunguze zote. Lakini usisahau kuuliza nani aliendelea kufunga baada ya dawa kupatikana. Swali hilo nitalirudia mbele.

Mtoto wa reli na mtoto wa mgodi

Dean alikulia Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, na toka utotoni alikuwa shabiki wa Everton. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kujifunza ufundi kwenye shirika la reli, na alipenda zamu za usiku kwa sababu ziliacha mchana wake huru kwa mpira. Tranmere Rovers, timu ya nyumbani kwao, ilimchezesha akiwa bado kijana mbichi. Kwa mechi 30 za ligi aliifungia mabao 27. Machi 1925 Everton wakamnunua kwa pauni 3,000, pesa nyingi sana wakati huo kwa mvulana wa miaka 18. Jina la Dixie, kwa njia, hakulipenda; watu wa karibu naye walimwita Bill.

Camsell alizaliwa kwenye kijiji cha machimbo karibu na mji wa Durham, akafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe kama vijana wengine wa huko. Mpira wake aliuanza kwenye timu ndogo za eneo hilo, Esh Winning na Tow Law Town, kisha Durham City iliyokuwa Daraja la Tatu Kaskazini. Middlesbrough walimchukua mwishoni mwa 1925, akikaribia miaka 23, kwa ada ya mamia ya pauni, si maelfu. Wala hawakujua wamenunua nini. Msimu wake wa kwanza alicheza mara chache, na walimjaribu hata kama winga.

Angalia tofauti ya mwanzo wao. Dean alifika Goodison Park, uwanja wa Everton wa wakati huo, akijulikana kwamba ni almasi. Camsell alifika Ayresome Park, uwanja wa Middlesbrough wa wakati huo, kama mtu wa kujaza nafasi, na katika umri huo mwenzake alikuwa ameshacheza mamia ya mechi. Ukihesabu jumla ya mabao ya maisha, kumbuka kwamba mmoja alianza kuhesabiwa mapema kuliko mwingine kwa miaka kadhaa.

Mabao 59

Msimu wa 1926/27 Middlesbrough walianza vibaya. Jim McClelland, aliyekuwa mfungaji wao msimu uliotangulia, aliumia, na Camsell akaitwa kuziba pengo. Hakutoka tena. Alicheza mechi 37 za ligi akafunga mabao 59, na ndani yake mna hatriki tisa, yaani mechi tisa ambazo alifunga matatu au zaidi. Sikukuu ya Krismasi ya 1926, maana Waingereza wakati huo walicheza mpira Krismasi yenyewe, Middlesbrough walikwenda Manchester City wakashinda 5-3. Yote matano ni ya Camsell. Manchester City hao hawakuwa wanyonge. Msimu ulipoisha walikosa kupanda daraja kwa nywele moja ya uwiano wa mabao, wakazidiwa na Portsmouth, japo siku ya mwisho waliichapa Bradford City 8-0.

Middlesbrough wakatwaa ubingwa wa Daraja la Pili kwa mabao 122. Upande wa kulia alikuwepo Billy Pease, winga aliyejua kutoa pasi na kufunga pia. Peke yake aliongeza zaidi ya 20. Camsell alikuwa mwepesi, mwenye mbio za hatua tano za kwanza, na akiupata mpira mbele ya beki hakusubiri kuupanga. Ndiyo maana sheria mpya ilimfaa sana. Pasi ndefu ikipigwa katikati ya mabeki wawili, yeye huyo ameshatangulia.

Mabao 60

Dean kidogo asingekuwepo kwenye hadithi hii. Juni 1926, baada ya msimu wake wa kwanza kamili Everton ambamo alifunga 32 kwenye ligi, alipata ajali ya pikipiki Wales ya Kaskazini. Fuvu lilipasuka, taya likavunjika, na madaktari walitilia shaka kama angecheza tena, sembuse kupiga kichwa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi uwanjani, na anafunga kwa kichwa.

Msimu wa 1927/28 alikuwa na miaka 20 ulipoanza na 21 ulipoisha. Mechi tatu kabla ya kumaliza alihitaji mabao tisa kumpita Camsell, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingeliwekea dau. Akafunga mawili dhidi ya Aston Villa, manne kwa Burnley, na yakabaki matatu siku ya mwisho, 5 Mei 1928, Goodison Park, mgeni akiwa Arsenal. Ubingwa ulikuwa umeshapatikana, kwa hiyo uwanja mzima ulikuja kuhesabu na mtu mmoja. La kwanza aliliweka mapema, la pili kwa penalti. Kisha kimya kirefu. Dakika za mwisho Alec Troup, winga mfupi wa Kiskoti, akachonga kona kutoka kushoto, Dean akapaa juu ya kundi la watu na mpira ukatinga wavuni. Arsenal wakasawazisha ikawa 3-3, na sidhani kama kuna shabiki wa Everton aliyejali. Mechi hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Charlie Buchan wa Arsenal, mshambuliaji mkubwa wa kizazi kilichotangulia, na siku yake ya kuaga ikamezwa na kijana wa Birkenhead.

Everton walifunga mabao 102 msimu huo. Toa 60, yanabaki 42 kwa timu nzima. Dean alibeba karibu asilimia 59 ya mabao ya bingwa wa nchi. Camsell katika mwaka wake wa maajabu alibeba asilimia 48 ya mabao ya Middlesbrough. Hapa mizani inaanza kulalia upande mmoja. Mabeki waliokutana na Everton walijua wanamkaba nani, hawakuwa na mtu mwingine wa kuogopa kiasi hicho, na bado walishindwa.

Je, Daraja la Pili linampunguzia Camsell?

Watetezi wa Dean hufika hapa wakadhani kesi imekwisha: mwenzake alifunga Daraja la Pili. Taratibu. Everton walishuka daraja mwaka 1930, na msimu wa 1930/31 Dean mwenyewe alicheza Daraja la Pili. Timu ilikuwa nzuri mno, ilifunga mabao 121 na kuchukua ubingwa. Dean, akiwa na miaka 23 na nguvu zake zote, alifunga 39 kwa mechi 37. Yaani mechi zilezile 37 alizocheza Camsell, timu yenye mabao karibu sawasawa, na mkubwa wetu akaachwa nyuma kwa mabao 20. Kama Daraja la Pili lingekuwa shamba la bure, Dean angevuna zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba kufikia 1930 mabeki walikuwa wameshajifunza, lakini pengo la mabao 20 haliwezi kuelezwa kwa mabeki peke yao.

Ushahidi wa pili unamtetea Camsell vilevile. Msimu wa 1927/28, wakati Dean anafunga 60, Middlesbrough walikuwa wamepanda Daraja la Kwanza na walimaliza mkiani, wakashuka. Katika timu iliyoshika mkia, Camsell alifunga mabao 33 ya ligi. Tena ulikuwa mkia wa ajabu: walikuwa na pointi 37, huku Derby County walioshika nafasi ya nne wakiwa na 44 tu. Msimu uliofuata akawapandisha tena kwa mabao 30, na tangu hapo hadi vita vinaanza hawakushuka. Misimu kumi mfululizo, kuanzia ule wa 59, ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa klabu.

Kwa hiyo ukimkataa Camsell, usimkatae kwa kisingizio cha daraja.

Tofauti inaonekana mahali pengine. Msimu wa 1931/32 Everton wamerudi juu, beki wa tatu yuko kila mahali, mtego wa zamani umekufa na kinga mpya imeshikamana. Dean akafunga 45 kwa mechi 38, Everton wakawa mabingwa wa nchi. Kwangu mimi msimu huo una uzito kuliko ule wa 60. Wa 60 aliupata mlango ukiwa wazi. Wa 45 aliuvunja. Camsell alifunga kwa wingi Daraja la Kwanza miaka yote hiyo, lakini baada ya kinga mpya kuenea hakuwahi kuwa na msimu wa kiwango hicho. Jumla ya mabao ya Dean ya daraja la juu ni 310 katika mechi 362. Hiyo ni hesabu ya mtu ambaye sheria ilimsaidia mwanzoni, halafu akaendelea bila msaada wake.

Jezi ya taifa

Hapa Camsell anainuka, na mtu yeyote mkweli lazima asimame kidogo.

Mechi tisa, mabao 18, na hakuna hata mechi moja aliyotoka bila kufunga. Mei 1929 aliifunga Ufaransa mawili jijini Paris, na siku mbili baadaye Ubelgiji manne jijini Brussels. Baadaye mwaka huohuo, mawili kwa Ireland na matatu kwa Wales. Mabao 11 kwa mechi nne. Mahali pengine popote mtu wa namna hiyo angepewa jezi mpaka aombe mapumziko. Akakaa nje miaka minne. Aliitwa Desemba 1933 kuikabili Ufaransa, akafunga mawili, akasahauliwa tena miaka miwili.

Lazima ujue timu ilichaguliwaje. Uingereza haikuwa na kocha mkuu mwenye mamlaka ya kupanga kikosi. Walikuwa na kamati ya viongozi wa soka waliokaa mezani na kupigia kura majina. Kamati ya namna hiyo haina kumbukumbu ya mtu mmoja. Leo jina hili, kesho lile, na mchezaji wa klabu isiyochukua makombe anasahaulika upesi.

Aliporudi Desemba 1935 alikuwa na miaka 33, na wapinzani hawakuwa wepesi tena. Ujerumani walikuja London, kwenye uwanja wa Tottenham, mechi iliyozungukwa na siasa za Hitler na maelfu ya mashabiki waliovuka bahari. Uingereza 3, Ujerumani 0, mawili ya Camsell. Akafunga dhidi ya Uskoti Aprili 1936, akafunga Vienna dhidi ya Austria, moja ya timu tamu kuliko zote za Ulaya wakati huo, na akamalizia Ubelgiji. Hizo mbili za mwisho Uingereza ilipoteza. Yeye alifunga kote kote, kisha hakuitwa tena.

Dean alianza kwa kishindo kilekile. Mechi tano za kwanza za mwaka 1927, mabao 12, yakiwemo mawili yaliyoifunga Uskoti 2-1 nyumbani kwao Glasgow. Lakini mechi 11 zilizofuata zilimpa sita tu. Alikuwepo Machi 1928 Uskoti walipoidhalilisha Uingereza 5-1 Wembley, na hakufunga. Bao lake zuri katika mechi hizo 11 ni lile la Desemba 1931, Hispania ya kipa Ricardo Zamora ilipofungwa 7-1 Highbury. Oktoba 1932 akavaa jezi ya taifa kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 25, bado anafunga kila wiki Everton. Kamati ilimtendea na yeye yaleyale.

Kwa timu ya taifa, basi, Camsell anashinda. Sioni njia ya kuikwepa hesabu ya mabao mawili kwa kila mechi, na haikupatikana kwa wanyonge peke yao.

Medali, mshahara na jambo la haki

Kabati la Dean lina ubingwa wa nchi mara mbili, 1928 na 1932, ubingwa wa Daraja la Pili 1931, na Kombe la FA 1933. Kwenye fainali hiyo dhidi ya Manchester City wachezaji walivaa namba mgongoni kwa mara ya kwanza katika fainali ya kombe hilo. Everton walichukua 1 hadi 11, City 12 hadi 22. Dean, nahodha, alivaa 9, akafunga bao moja katika ushindi wa 3-0. Tunapoitaja namba 9 leo kama jina la kazi, yeye ni miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuivaa siku kubwa.

Kabati la Camsell lina ubingwa wa Daraja la Pili mara mbili. Hakuna zaidi.

Wapo wanaosema mchezaji mkubwa angehama kutafuta makombe. Hao hawajui utaratibu wa wakati ule. Tangu 1922 mshahara wa juu kabisa ulikuwa pauni nane kwa wiki wakati wa ligi na sita wakati wa kiangazi, uwe Dean au uwe beki wa pembeni asiyejulikana. Na klabu ilishikilia usajili wa mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Isipokuachia, huendi popote kwenye ligi. Camsell hakubaki Middlesbrough kwa kukosa tamaa. Ukimlinganisha na Dean kwa medali, unalinganisha klabu mbili, si watu wawili.

Everton wengi wetu tuliwaona kwa karibu Julai 2017, walipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Rooney akafunga kutoka mbali na mechi ikaisha 2-1. Middlesbrough hawana bahati hiyo kwetu, na nadhani ndiyo sababu nyingine jina la Camsell halifiki midomoni mwa watu. Jina la klabu huvuta jina la mchezaji.

Namna walivyofunga

Silaha ya Dean ilikuwa kichwa. Katika yale 60, 20 hutajwa kuwa ya kichwa na 40 ya miguu. Mpira wa ngozi wa wakati ule ulikuwa na kamba za kufungia, ukinyeshewa unanywa maji na kuwa mzito kama furushi. Kuupiga kwa paji la uso wiki baada ya wiki, na fuvu lililowahi kupasuka, ni ujasiri ambao hauonekani kwenye takwimu. Alijua kungoja angani na kuuelekeza mpira chini, pembeni mwa kipa. Alikabwa kwa viatu na viwiko maisha yake yote, na husifiwa kwamba mwamuzi hakuwahi kumwonya.

Camsell alikuwa mtu wa chini. Mbio, mguu wowote, shuti bila kujiandaa. Hakuhitaji nafasi tatu apate bao moja.

Kwa hiyo namna unavyotaka timu yako icheze inakuambia mengi. Ukiwa na mawinga wa kumwaga krosi, umewaweka pembeni wasubiri kumlisha mtu, mtu huyo ni Dean. Ukipenda kukaa nyuma, kunyang'anya na kupiga pasi moja ndefu nyuma ya mabeki, Camsell atakulipa vizuri zaidi. Na ukiwa na mechi moja tu ya kucheza, ugenini, dhidi ya timu ya taifa yenye jina, mimi ningempa Camsell bila kusita, maana mechi za timu ya taifa alicheza tisa na akafunga zote tisa.

Lakini kikosi cha kipindi cha miaka 20 hakichezi mechi moja. Namchukua Dean. Alianza kabla mabeki hawajajua la kufanya, wakajua, na akaendelea. Alibeba zaidi ya nusu ya mabao ya bingwa akiwa na miaka 21, akashuka na timu yake, akaipandisha, akaipa ubingwa mwaka uleule iliporudi, na kombe mwaka uliofuata. Mfululizo wa 1931, 1932 na 1933 ndio ulioniamulia.

Walivyomaliza ni tofauti vilevile. Machi 1938 Everton walimwuza Dean kwa Notts County. Kijana Tommy Lawton alikuwa ameshashika nafasi yake. Baadaye akaenda Sligo Rovers huko Ireland, akawafikisha fainali ya kombe la nchi hiyo mwaka 1939. Alikatwa mguu wa kulia mwaka 1976. Tarehe 1 Machi 1980 alikuwa jukwaani Goodison Park akiangalia Everton na Liverpool, moyo ukasimama, akafia hapohapo kwenye uwanja wa bao la 60. Camsell alibaki Middlesbrough baada ya kustaafu, akawa kocha na baadaye mtu wa ofisini, mpaka 1963. Alifariki Machi 1966, miezi minne kabla Uingereza haijatwaa Kombe la Dunia.

Hawakuwahi kuvaa jezi ya Uingereza pamoja katika mechi moja. Dean alicheza dhidi ya Uskoti tarehe 13 Aprili 1929, na tarehe 9 Mei Camsell akaanza Paris mahali palepale. Wakati huo hapakuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia kipindi cha pili. Kamati ilikuwa na jina moja tu la kuandika katikati ya mstari wa mbele, na mimi naandika Dean.